Malengo ya kweli kwa msimu wa kwanza wa triathloni ya masafa marefu, kwa mkazi wa Dar es Salaam

Mzizima Mwendo ameuliza:

Wanajamvi, habari za wakati huu. Naomba ushauri wenu, hasa ninyi mliokwisha kumaliza triathloni (kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo) ya masafa marefu huku mkiishi na kufanya mazoezi hapa Dar es Salaam.

Nina umri wa miaka thelathini na minane, nafanya kazi ya uwakala wa forodha bandarini, na nina familia. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikimbia nusu marathoni, na kwa kawaida humaliza kwa saa 1 na dakika 55 hivi. Baiskeli nimeizoea, kwa kuwa Jumapili alfajiri hutoka na kundi letu kuelekea Bagamoyo. Kuogelea nilijifunza ukubwani, na sasa ninaweza kwenda mita 1,500 bwawani bila kusimama. Nakusudia kushiriki Ironman 70.3 ya Rwanda, ile inayofanyika Rubavu katika Ziwa Kivu mwezi Agosti, yenye kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli na 21.1 za kukimbia. Baada ya hapo nina shauku ya kwenda Gqeberha, Afrika Kusini, kwa masafa kamili, yaani kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na marathoni nzima, katika msimu wa Machi au Aprili unaofuata.

Kinachonitatiza ni kuweka malengo. Programu ya simu ninayoitumia imenikadiria saa 5 na dakika 40 kwa mbio za Rubavu. Wenzangu wa baiskeli wanasema lolote lililo juu ya saa 6 halina maana. Mke wangu naye ameniuliza saa za kufanya mazoezi yote haya nitazitoa wapi, na sikuwa na jibu la kumridhisha. Je, mtu mwenye hali kama yangu ajiwekee lengo la muda, lengo la kumaliza, au lengo la namna nyingine kabisa? Na hayo masafa kamili, miezi minane tu baada ya Rubavu, ni lengo au ni tamaa?

Kocha wa Pwani amejibu:

Kaka, nitaanza na swali la shemeji, kwa sababu majibu mengine yote yanalitegemea. Watu wengi huchagua kwanza muda wa kumaliza, kisha hutafuta ratiba ya mazoezi itakayowafikisha huko, na mwishowe hugundua kwamba ratiba hiyo iliandikwa kwa ajili ya mtu asiyekaa kwenye foleni ya jioni wala asiyesubiriwa nyumbani. Fanya kinyume chake. Chukua wiki mbili za kawaida, zenye meli bandarini na zenye watoto wanaoumwa, uandike saa ambazo kweli uliweza kufanya mazoezi, si zile ulizotamani. Ukipata saa nane hadi kumi kwa wiki, na ukaweza kuzidumisha kwa miezi mitano au sita, mtu mwenye msingi wa mbio kama wako anaweza kuingia katika masafa ya nusu na kuyamaliza akiwa na nguvu. Ukipata saa tano, bado unaweza kumaliza, ila usizungumzie muda.

Sasa tuyatazame makadirio ya programu yako. Inaelekea yanatokana na mwendo wako wa nusu marathoni uliyoikimbia ukiwa na miguu mipya, pamoja na kasi ya baiskeli ya Jumapili. Vyote viwili vinadanganya. Katika kundi unaendesha nyuma ya mgongo wa mwenzako, naye anakupasulia upepo, jambo lisiloruhusiwa kwenye mbio hizi. Kasi ya 32 kwa saa ndani ya kundi yaweza kuwa 28 ukiwa peke yako, kwa nguvu zile zile. Na nusu marathoni inayokuja baada ya saa tatu za baiskeli haikimbiwi kwa mwendo wa dakika 5 na sekunde 27 kwa kilomita, ambao ndio mwendo wa saa 1 na dakika 55.

Tukokotoe upya bila kujipendelea. Ziwani, pasipo ukuta wa kusukumia miguu na pasipo mstari wa kufuata chini, chukua dakika 2 na sekunde 20 kwa kila mita 100. Hizo ni dakika 44 na ushei. Baiskeli kwa kasi ya 28 kwa saa itachukua saa 3 na dakika 13. Kukimbia kwa dakika 6 na sekunde 10 kwa kilomita kutakupa saa 2 na dakika 10. Ongeza dakika kumi za kubadilisha mavazi na vifaa mara mbili. Jumla inakaribia saa 6 na dakika 17. Ili ushuke chini ya saa 6 itakubidi uendeshe kwa kasi ya 30 ukiwa peke yako, halafu ushuke na kukimbia kwa dakika 5 na sekunde 55 kwa kilomita. Si jambo lisilowezekana, lakini linadai kila kitu kiende sawa siku hiyo, na lengo linalodai hivyo halifai kuwa lengo lako la kwanza.

Kwa hiyo ningekushauri uwe na malengo ya ngazi tatu kwa mbio hiyo moja. Ngazi ya chini ni kumaliza ndani ya muda wa mwisho, ambao kwa kawaida ni saa 8 na nusu, ukiwa umekimbia sehemu kubwa ya zile kilomita 21. Ya kati ni kati ya saa 6 na dakika 10 na saa 6 na dakika 40. Ya juu, yaani chini ya saa 6, usiiandike kwanza. Iache wazi hadi wiki ya tatu kabla ya mbio, vipimo viamue.

Ninaposema vipimo namaanisha hivi. Kila baada ya wiki sita, ogelea mita 400 kwa nguvu zote, pumzika vya kutosha, kisha ogelea mita 200. Toa muda wa 200 kwenye muda wa 400, ugawanye kwa mbili, na jibu ni mwendo wa mita 100 unaoweza kuuhimili kwa muda mrefu. Mtu aliyetumia 8:20 na 3:56, kwa mfano, anapata 2:12. Kwa baiskeli, kama una kipima wati, kifaa kinachoonyesha nguvu unazokanyagia, endesha dakika 20 kwa nguvu zako zote, uchukue asilimia 95 ya wastani wake. Kwenye masafa ya nusu watu wengi huendesha kati ya asilimia 75 na 85 ya kiwango hicho, na kwa mara ya kwanza ukae upande wa chini. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni rahisi: endesha saa mbili na nusu kwa mwendo wa mbio, shuka, vaa viatu, ukimbie dakika arobaini papo hapo. Mwendo utakaouona katika dakika kumi za mwisho ndio unaopaswa kuuingiza kwenye hesabu, hata kama haukupendezi.

Tahadhari moja kuhusu tarehe za vipimo. Usilinganishe cha Februari na cha Julai kana kwamba vilifanywa katika mji mmoja. Joto la kaskazi na kipupwe cha Julai vinatoa namba tofauti kutoka kwa mwili ule ule, na nimeona watu wakiacha mazoezi mwezi wa pili kwa kudhani wamerudi nyuma.

Kuhusu Gqeberha, ushauri wangu ni uiache hadi mwaka unaofuata. Wiki za kilele za masafa kamili hudai saa kumi na mbili hadi kumi na tano, na kwako zingeangukia Januari na Februari, kwenye joto kali kuliko lote.

Nesi wa Upanga amejibu:

Nakubaliana na Kocha kwa mengi, lakini naona malengo yote aliyoyataja ni ya mwendo. Kaka Mzizima, kwa msimu wa kwanza ningependa nusu ya malengo yako yahusu chakula, maji na joto, kwa sababu kilomita kumi za mwisho huwashinda watu kwa tumbo na kwa upungufu wa nguvu mara nyingi zaidi kuliko kwa udhaifu wa miguu.

Lengo la kwanza liwe kuufundisha utumbo. Mbio za zaidi ya saa tano zinakuhitaji ule takriban gramu 60 za wanga kila saa, na waliozoea hufika hata 90 kwa kuchanganya glukosi na fruktosi, kwa kuwa sukari hizo mbili hupita kwenye njia tofauti za utumbo. Ndizi mbivu ya ukubwa wa kati ina takriban gramu 25, kwa hiyo gramu 60 ni zaidi ya ndizi mbili kila saa, ukiwa juu ya tandiko, ukitoka jasho. Utumbo usiozoea utakataa. Andika hivi: kufikia Juni niwe ninakula gramu 60 kwa saa katika safari ya saa nne bila kichefuchefu wala kuharisha. Hilo linapimika, na liko mikononi mwako kuliko upepo wa Rubavu ulivyo.

La pili ni kujua kiasi cha jasho lako. Jipime uzito bila nguo kabla ya mazoezi ya saa moja na baada yake, uhesabu na maji uliyokunywa. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Fanya hivyo msimu wa joto na msimu wa baridi. Wapenzi wa maji ya madafu wasinichukie: ni kinywaji kizuri chenye potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake ni kidogo, na sodiamu ndiyo inayopotea kwa wingi katika jasho, kwa hiyo yatiwe chumvi kidogo au yaendane na chakula chenye chumvi. Kunywa maji matupu kupita kiasi kwa saa nyingi ni hatari pia. Sodiamu ya damu hushuka, na mtu anaweza kuchanganyikiwa, kupata degedege na hata kufa. Lengo ni kunywa kwa kufuata kiu na vipimo vyako, si kumaliza kila chupa unayokabidhiwa.

Joto la Dar lina faida yake. Mwili huchukua kama siku kumi hadi kumi na nne kulizoea: ujazo wa maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema zaidi, na mapigo ya moyo hushuka kwa kazi ile ile. Utafika Rubavu ukiwa nalo hilo. Usilolipata hapa ni mwinuko, kwa kuwa Ziwa Kivu liko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani ategemee kupungukiwa na nguvu kwa asilimia kadhaa. Ukichukua wati za Kigamboni ukazipeleka huko bila kupunguza, utazilipia kwenye kukimbia.

Na kabla ya yote, pima moyo na shinikizo la damu. Mtu anayekaribia miaka arobaini na kuanza mazoezi ya saa nyingi afanye hivyo hata kama hajisikii vibaya. Hapa mjini tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na hospitali nyingine nyingi hufanya kipimo cha umeme wa moyo.

Mzizima Mwendo ameandika:

Kocha na Dada Nesi, nawashukuru sana. Nimekaa na mke wangu tukaipitia ratiba kwa uaminifu, na tumeona saa nane zinapatikana: alfajiri tatu za siku za kazi kuanzia saa kumi na moja, Jumamosi kidogo, na Jumapili ndefu. Zaidi ya hapo ningekuwa naidhulumu nyumba.

Yamebaki mawili. Ninafunga Ramadhani, na safari hii itaangukia kabla ya masika, ambayo nayo huharibu barabara na kuchafua bahari. Je, malengo ya kipindi hicho yaweje? Na bwawa ninalolitumia ni fupi. Nimeogelea baharini mara chache tu, nami naona hapo ndipo penye woga wangu.

Mzee wa Msasani amejibu:

Mwanangu, hongera kwa kuuliza kabla ya kulipa. Nitaanza na bahari, kisha nitampinga Kocha kidogo.

Anayetaka kufanya mazoezi Coco Beach bila kujua mwezi unaandamaje atapoteza asubuhi nyingi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupwa sana kuelekea katikati ya asubuhi, na ukichelewa utakuta mwamba na mwani mahali ulipotarajia kuogelea. Siku za maji mafu mkondo ni mdogo na kina hakibadiliki sana, nazo ndizo nzuri kwa anayeanza. Maji huchelewa kwa karibu dakika hamsini kila siku, kwa hiyo ratiba ya kuogelea isemayo "kila Jumanne saa kumi na mbili" ni ya bwawani. Baharini panga kwa jedwali la maji. Lengo lako la mwezi wa kwanza lisiwe umbali. Liwe kuogelea dakika ishirini, ukiwa na mwenzako na boya la rangi, ukiinua macho kutazama mbele kila baada ya mikono minane au kumi bila kupoteza pumzi. Umbali utakuja. Kusi likianza kuvuma, bahari ya nje ya rasi huchafuka. Tafuta sehemu iliyokingwa, au hamia bwawani bila kuona haya.

Sasa nije kwenye tofauti yangu na Kocha, nayo ni Gqeberha. Amekutazama kama mtu anayekwenda Gqeberha kushindana na saa. Mwaka 1978 huko Oahu, Hawaii, Ironman ilipofanyika kwa mara ya kwanza, walianza watu 15 wakamaliza 12, na mshindi, Gordon Haller, alitumia karibu saa 11 na dakika 47. Leo mamilioni ya saa za ushauri zimejaa mitandaoni, na bado lengo la kumaliza ni lengo kamili, si la wanyonge. Tazama muda wa mwisho ulivyo mpana: kwa kawaida ni saa 17 kwa jumla, kuogelea saa 2 na dakika 20, na baiskeli iwe imekwisha ndani ya saa 10 na nusu tangu kuanza. Kilomita 3.8 kwa saa 2 na dakika 20 ni mwendo wa dakika 3 na sekunde 41 kwa mita 100. Wewe uko mbali mbele ya hapo. Ukitoka majini kwa saa 1 na dakika 45, ukabadilisha kwa dakika kumi, unabakiwa na saa 8 na dakika 35 za kilomita 180, yaani kasi ya 21 kwa saa. Kisha una saa sita na nusu za marathoni, mwendo wa dakika 9 na sekunde 14 kwa kilomita, ambao unachanganya kutembea kwa haraka na kukimbia. Mtu aliyemaliza nusu kwa saa 6 na nusu hana sababu ya kuambiwa kwamba hayo ni tamaa.

Kocha wa Pwani amejibu:

Shikamoo, Mzee. Hesabu yako ni sahihi na siipingi. Wasiwasi wangu hauko siku ya mbio, uko Januari. Huyu ndugu ameeleza kwamba saa nane ndizo alizonazo na kwamba zaidi ya hapo ni dhuluma kwa nyumba. Safari za baiskeli za saa tano na sita haziingii humo. Lakini nipo tayari kukubaliana nawe kwa sharti moja: uamuzi usifanywe sasa. Baada ya Rubavu apumzike wiki tatu, kisha Septemba hadi mwisho wa Novemba ajaribu kufikisha saa kumi na moja kwa wiki. Kama shemeji ataona inawezekana, usingizi haujapungua na hakuna jeraha, basi aende, na lengo liwe kumaliza tu, pasipo muda wowote. Nikichukua kasi ya 26 kwa baiskeli na dakika 7 na nusu kwa kilomita za kukimbia, namwona akifika kwa saa 14 na kitu, kwa hiyo nafasi ipo. Kama haikuwezekana, Gqeberha itakuwepo mwaka unaofuata. Mkimbiaji wetu Alphonce Simbu alikuwa wa tano kwenye marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akachukua shaba ya dunia London mwaka 2017, na dhahabu ya dunia ya marathoni akaipata Tokyo mwaka 2025. Tuwape wanamichezo wetu wa kawaida nao nafasi ya kupanga kwa miaka.

Kuhusu masika: huo uwe wakati wa baiskeli ya ndani na wa kufanya mazoezi ya nguvu. Saa moja ya juhudi ndani ya nyumba, pasipo bodaboda wala mashimo yaliyojaa maji, hushinda saa mbili za kuendesha kwa hofu. Mvua zikikatika, mara mbili kwa mwezi acha Barabara ya Bagamoyo uende Pugu na Kisarawe, kwa sababu mji wetu ni tambarare na Rwanda siyo.

Nesi wa Upanga amejibu:

Nimalizie la Ramadhani, kwa kuwa halijajibiwa. Lengo la mwezi huo liwe kulinda ulichokwisha kukijenga, si kuongeza. Punguza saa ziwe nusu au chini ya hapo. Mazoezi mepesi yafanye dakika arobaini hivi kabla ya magharibi, ili futari iwe karibu, na yale yenye juhudi yafanye baada ya tarawehe, kama usingizi unaruhusu, mara mbili kwa wiki zinatosha. Baiskeli ndefu za mchana ziache kabisa. Jua la Dar bila maji si mahali pa kujipima imani wala mwili. Usifanye kipimo chochote cha Kocha katika mwezi huo, wala siku chache baada ya Idi, kwa kuwa namba utakazozipata hazitakueleza ukweli wa hali yako. Kule kuzoea gramu 60 za wanga kuanzie wiki ya pili ya Shawali, kwa gramu 30 kwanza, ukiongeza kidogo kila Jumapili.

Na kama unatumia dawa yoyote ya shinikizo au sukari, mwone daktari wako kabla ya mwezi kuandama, ajue kwamba unafunga na unafanya mazoezi, apange nawe saa za dawa.